Kuku Walipotolewa Bandani

Habari za jioni, ndugu zangu. Mwenyekiti amewaahidi "historia ya picha za sanaa tangu mwanzo mpaka leo." Mimi sikuahidi hivyo. Nilipewa dakika hamsini, na historia yote hiyo kwa dakika hamsini ni sawa na kupika pilau la harusi kwa kibiriti. Nitamzungumzia mwanamke mmoja, mpiga picha. Wanaonifahamu wameshajua ni nani, naona pale nyuma wanacheka. Chekeni tu. Jambo hili nimelisema Tanga, nimelisema Mombasa, nimelisema hata msibani, na nitalisema mpaka siku picha yenye ukungu itakapoacha kutupwa kabla haijatazamwa.

Leo nimekuja na hasira kidogo, niwaeleze sababu. Miezi miwili iliyopita niliitwa kuwa jaji kwenye shindano la picha za vijana. Shindano silitaji. Tulikuwa watatu mezani, picha zinapita kwenye skrini. Ikaja picha ya bibi kizee amekaa barazani anasuka ukili. Vidole vyake vimetoka kama moshi. Uso nao umelainika, kama unamtazama kupitia chandarua. Lakini uso wenyewe! Uso wa mtu anayejua kwamba anayempiga picha ni mjukuu wake, na kwamba huyo mjukuu hajala tangu asubuhi. Jaji mwenzangu akasema, "Fokasi hakuna. Inayofuata." Sekunde mbili. Nikabisha, nikashindwa kura mbili kwa moja. Iliyoshinda ilikuwa tone la maji juu ya jani. Kali ajabu, unaweza kuhesabu vinyweleo vya lile jani. Nikajiuliza, nikishamaliza kuvihesabu nifanye nini?

Basi. Julia Margaret Cameron, Mwingereza wa karne ya kumi na tisa. Mimi humwita Bi Julia, na kwa miaka niliyoishi naye nadhani ameshanizoea.

Yale ya Daguerre na Talbot, waanzilishi wa upigaji picha, mnayajua, sirudii. Bi Julia alizaliwa Kalkuta mwaka 1815, akaolewa huko, akahamia Uingereza, na mwaka 1860 familia ikahamia Freshwater, kwenye kisiwa cha Wight. Nyumba yao waliiita Dimbola, jina la mashamba yao ya kahawa kule Ceylon, Sri Lanka ya leo. Mumewe, mzee kuliko yeye kwa miaka ishirini, alikuwa akienda huko kuangalia hiyo kahawa. Bi Julia amezaa watoto sita, amelea na wengine wasio wake, sasa wamekua, nyumba imepoa. Desemba 1863 binti yake na mkwewe wakamletea zawadi, kamera, kwa maneno kwamba huenda ikamchangamsha mama katika upweke wake.

Alikuwa na miaka 48. Rudieni hiyo namba kichwani. Wapo vijana humu wa miaka 25 wananiambia, "Mwalimu, mimi nimechelewa."

Na zawadi yenyewe isikudanganyeni. Haikuwa ya kubonyeza. Lilikuwa sanduku la mbao na vioo, na kila picha ilikuwa kazi ya jikoni. Unachukua kioo kisafi. Unamimina juu yake kolodioni, majimaji mazito yanayonuka etha, halafu unakiinamisha kioo kona hii, kona ile, mpaka yatandae sawasawa. Aliyewahi kupika chapati za maji anaujua huo mzungusho wa mkono. Ukichelewa, inaganda upande mmoja. Ukimaliza hapo unakitumbukiza kioo gizani kwenye maji ya nitrati ya fedha, unakitoa kikiwa bado kinachuruzika, unakimbia nacho kwenye kamera, unapiga, unakimbia nacho tena gizani kukisafisha kabla hakijakauka. Una dakika kumi hivi, kumi na tano ukibahatika. Kioo kikikauka, kazi imekwenda na maji. Na mikono yako imekuwa myeusi, na sabuni haiutoi weusi huo.

Sasa chumba cha giza atakipata wapi? Akatoa makaa ya mawe kwenye stoo, stoo ikawa chumba cha giza. Na studio? Hapa ndipo ninapopapenda. Nyumbani kulikuwa na banda la kuku lenye vioo, alilowapa watoto wake. Bi Julia akawatoa kuku. Ameandika mwenyewe, mwaka 1874, kwamba kuku waliachiwa huru, na anatumaini na kuamini kwamba hawakuliwa.

Anatumaini! Mama mwenye nyumba, na jikoni kwake mwenyewe, anatumaini! Mimi nimekulia nyumba yenye kuku, na nawaambia, kuku wa namna hiyo hawafiki Ijumaa. Nimelifikiria sana lile banda. Watu huniuliza, mwalimu, nianze na vifaa gani? Taa gani? Lenzi ya shilingi ngapi? Nawauliza, kwenu kuna banda? Mwanga uliochora nyuso kubwa za karne ile ulipita kwenye vioo vya kuku. Alizoea kuziba mwingine kwa mapazia mpaka ubaki mwanga wa upande mmoja tu, na uso ukae nusu kwenye nuru na nusu kwenye kiza, kama mtu aliyekaa karibu na mlango wa nyumba ya makuti saa kumi jioni. Mlango mmoja na pazia moja. Hakuna hata mmoja humu anayekosa hivyo viwili.

Turudi kwenye kazi. Mtu wa kwanza kumkalia alikuwa mkulima wa pale Freshwater. Akamlipa nusu krauni kwa saa, yaani shilingi mbili na nusu, na wakati ule hiyo si pesa ya kuchezea. Saa zikapita, nusu krauni zikapita, na mwishowe picha ikatoka. Bi Julia akakiinua kioo kwa shangwe kikauke, akapitisha kiganja juu yake, upande ule ule wenye picha. Yote ikafutika.

Nani humu hajawahi kufuta memori kadi ya harusi? Usinyanyue mkono, kaka, bwana harusi anaweza kuwa yumo humu.

Hakuacha. Akawakalisha watoto wawili. Mmoja akapasuka kicheko katikati, picha ikaharibika. Ndipo Januari 1864 akamchukua mtoto mmoja peke yake, Annie Philpot. Akamsihi. Akamwambia ukitikisika, dawa zote za huyu mama masikini zitapotea, na nguvu zake pia. Mtoto akatulia. Picha ikatoka. Bi Julia akapagawa kwa furaha, akazunguka nyumba nzima akitafuta zawadi ya kumpa yule mtoto, kwa sababu alihisi ni mtoto aliyeitengeneza ile picha, si yeye. Siku ile ile akaichapisha, akaitia fremu, akampelekea baba yake. Akaiandika kuwa ndiyo mafanikio yake ya kwanza.

Itazameni hapo ukutani. Mtoto hatutazami. Kola ya koti imeinuka, nywele zimevurugika kidogo, hakuna zulia, hakuna nguzo ya plasta, hakuna meza yenye kitabu ambacho hakuna anayekisoma. Wakati ule mji mzima umejaa vile vipicha vidogo vya kugawiana, mtindo alioupatia hataza Disdéri kule Paris mwaka 1854, mtu amesimama kuanzia kofia mpaka kiatu, kila kifungo kinaonekana, isipokuwa mtu mwenyewe. Bi Julia akaja na kichwa cha mtoto, karibu, kikubwa, kinachopumua.

Sasa najua swali linalokuja, nimelisikia mara mia: "Mwalimu, huyu mama hakujua tu kufokasi. Wewe unamtafutia falsafa."

Sawa. Tuanze na ukweli kwamba yeye mwenyewe alikiri. Mwanawe wa mwisho, ambaye naye alikuja kuwa mpiga picha, alimwambia kwamba zile za mwanzo zilizofanikiwa bila kuwa kwenye fokasi zilikuwa bahati nasibu tu, na mama akakubali kwamba mtoto kasema kweli. Lakini msikilizeni anavyoieleza hiyo bahati. Alipokuwa akizungusha lenzi kutafuta fokasi, akifika mahali ambapo kwa macho yake pamekuwa pazuri, alisimama hapo. Hakuendelea kukaza mpaka kwenye ukali ambao wapiga picha wengine wote wanaushikilia. Basi. Asiyejua kufokasi hajui asimame wapi. Huyu alijua, akasimama. Bahati ilimwonyesha mahali. Kurudi pale kila siku kwa zaidi ya miaka kumi, hiyo si bahati tena. Mpishi aliyeunguza ukoko kwa bahati mbaya akaupenda, kesho akiuunguza kwa makusudi, utasema hajui kupika?

Tena kuna mambo mawili yamechanganyika humo, na watu wa ufundi mnisikilize. La kwanza ni lenzi. Ukisogelea uso namna ile, kwa kioo kikubwa namna ile na tundu la lenzi likiwa wazi, kilichokaa kwenye fokasi ni kipande kidogo mno: kope ziko, sikio halipo. La pili ni muda. Picha zake kubwa zilichukua dakika tatu mpaka saba. Jaribu leo usiku nyumbani, kaa dakika tano usitikise kichwa. Wenye studio walikuwa na chuma cha kukushika shingo kwa nyuma. Kwake ukikaa, unapumua. Kwa hiyo ukungu unaouona kwenye shavu siyo lenzi peke yake. Ni pumzi ya mtu, mara hamsini, mara sitini, zimelaliana kwenye kioo kimoja. Picha ya sekunde moja chini ya elfu inakuonyesha mtu alivyoonekana. Sijasema ni mbaya, mimi mwenyewe nimekula kwa picha za pasipoti miaka ishirini. Nasema ni kitu kingine.

Na hapa simu yako inanichekesha. Unayo ile programu ya kutia ukungu nyuma ya mtu. Hesabu zinapigwa humo ndani ili ukuta wa nyuma ulainike, na umelipia. Kosa alilotukanwa nalo mama wa watu, leo linauzwa dukani! Ila simu ni mwoga. Inauacha ukuta upotee, uso haithubutu. Halafu ikishaushika uso inaupaka losheni mpaka mtu hana hata kovu la surua.

Kwamba alitukanwa, hilo si langu la kutunga. Alijiunga na chama cha wapiga picha cha London mwaka 1864, na gazeti la chama mwaka 1865 likaandika kwamba huyu mama tumpe sifa ya ujasiri wa kubuni, lakini ubunifu huo umekula sifa nyingine zote za picha. Wenzake wakamhesabia nywele zilizonasa kwenye dawa, alama za vidole, vioo vyenye ufa alivyovichapisha hivyo hivyo. Kwa haki, na mimi namlaumu kidogo. Kuna vioo angevirudia. Lakini mwisho wa mwaka 1864 alimwandikia rafiki yake akiuliza: fokasi ni nini, na ni nani mwenye haki ya kusema ipi ndiyo fokasi halali? Ningeweza kumpeleka yule jaji mwenzangu swali hilo kwa posta.

Huyo rafiki aliyeandikiwa ni Sir John Herschel, na lazima nimpe dakika mbili. Walikutana wapi? Afrika. Mwaka 1836, Rasi ya Tumaini Jema. Bi Julia alipelekwa huko apone ugonjwa. Herschel alikuwa huko na darubini akichora ramani ya nyota za kusini. Huyu ndiye aliyegundua chumvi inayozuia picha isiendelee kuungua ikitolewa kwenye mwanga. Negativu na positivu mnazozitaja kila siku, maneno hayo ni yake. Bi Julia alimwita mwalimu wake. Aprili 1867 alimfuata nyumbani kwake Kent ampige picha. Mwanazuoni mkubwa wa Uingereza, mzee wa miaka 75, anapokea mgeni mwenye mikono myeusi kwa nitrati. Unajua alimwamuru nini? Aoshe nywele! Zikauke bila kulazwa, zisimame.

Haya, tazameni. Kofia nyeusi, nguo nyeusi, kiza kila upande, na kutoka kwenye kiza kile zimechomoza nywele nyeupe kama mzee amegusa waya wa umeme. Macho yamelowa. Hakuna darubini mezani, hakuna nishani kifuani, hakuna chochote cha kukueleza kwamba huyu ni mtu wa nyota. Lakini mtazame kidogo uniambie kama hujahisi kwamba amekesha miaka hamsini akiangalia juu. Mimi wateja wangu hupigwa picha ya mahafali na kompyuta mezani imezimwa.

Dada pale ananionyesha vidole kumi. Kumi? Mwenyekiti, tulikubaliana hamsini. Haya.

Nitapita haraka. Nilitaka kuwaeleza kuhusu Hill na Adamson, wapiga picha wa Edinburgh, waliomtangulia kwa miaka ishirini na nyuso zao nzuri za kwenye karatasi, sitaweza. Rejlander, aliyeunganisha negativu zaidi ya thelathini mwaka 1857 kupata picha moja; mtafuteni wenyewe. Coburn, aliyeweka vioo vitatu vya kujitazamia mbele ya lenzi mwaka 1917 akamvunja mshairi Ezra Pound vipande vipande. Huyo anahitaji jioni yake peke yake. Mary Hillier, binti wa kazi za ndani pale Dimbola, aliyevishwa shuka akawa Bikira Maria mara nyingi mpaka wanakijiji wakampa jina la Madonna. Nilikuwa na mengi ya kusema juu yake, hasa nani alikuwa anapika siku ambazo yeye ni Maria. Na vitambaa vya meza! Bi Julia alikuwa anaingia mbio chumba cha chakula na kioo kinachuruzika kumwonyesha mumewe, nitrati ikaharibu vitambaa visivyohesabika, akasema nyumba yenye huruma pungufu kuliko yake ingeshamfukuza. Mzee yule alifurahia kila picha. Waume humu ndani, mmesikia.

Henry Cole wa jumba la makumbusho la South Kensington, lile linaloitwa leo Victoria and Albert, alinunua picha zake mwaka 1865, na mwaka 1868 akampa vyumba viwili mle mle atumie kama studio. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani sifa zilimjia akishakufa.

Nimebakiza picha moja, na hii siwezi kuipita haraka, hata mkizima umeme.

Julai 1868. Kisiwa kile kile, Wight, ambako Malkia Victoria alikuwa na nyumba yake ya Osborne. Mtoto huyu ana miaka saba. Ni Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Mwezi wa Aprili jeshi la Waingereza liliteka Maqdala, baba yake akajiua asikamatwe. Mama yake akafa wiki chache baadaye, kabla hawajatoka kwao. Mtoto akapandishwa meli. Aliyemlea safarini ni Kapteni Speedy, jitu la kutisha kwa urefu, lililojua Kiamhari. Bi Julia akawapiga picha, pamoja na kila mmoja peke yake. Hata Speedy amevaa Kihabeshi.

Watu wa ufundi, kolodioni ilikuwa kipofu wa rangi. Iliona buluu, lakini nyekundu na kahawia haikuziona. Macho ya buluu ya Waingereza yakatoka meupe kama ya samaki, na ngozi yetu ikatoka nyeusi kuliko ilivyo. Kwa hiyo tayari dawa yenyewe haikuwa upande wa huyu mtoto. Na bado amemwona. Hakumgeuza pambo. Ule ule mwanga wa upande, ule ule ukaribu aliompa Annie. Mtoto hatabasamu.

Hapa, ndugu zangu, hoja yangu inanikwama kooni kila mara, na ndiyo maana huwa naiweka mwisho nikitumaini muda utaniishia. Nimewaambia jioni nzima kwamba ukungu ni pumzi, kwamba kukaa muda mrefu mbele ya mtu ni heshima. Annie alisihiwa, akakubali, akatafutiwa zawadi nyumba nzima, na picha akapelekewa baba yake. Huyu alikalishwa. Muda huo mrefu ninaousifia, yeye alikuwa na miezi mitatu tu tangu baba afe. Picha ilipokauka, apelekewe nani?

Alikufa Leeds, Novemba 1879, ana miaka 18. Bi Julia alikufa Ceylon mwezi Januari mwaka huo huo. Yeye amezikwa huko alikohamia mwenyewe. Alemayehu amezikwa Windsor, kando ya kanisa la St George. Ethiopia iliomba mabaki yake mwaka 2007, na mwaka 2023 kasri ya mfalme ikajibu kwamba haiwezekani kuyatoa bila kuwasumbua wengine waliozikwa hapo.

Naona vidole viwili sasa. Haya, basi. Picha ya yule bibi wa ukili ninayo hapa kwenye simu, yule binti aliyeipiga alinitumia. Mwenye kutaka kuiona aje mbele, msiitumiane bila ruhusa yake. Maswali. Mzee wangu pale, uliyenyanyua mkono tangu kwenye kuku.